Machungwa Yatachanjwa Kideri

Ofisa wa mikopo hakuinua uso.
"Upembuzi yakinifu uko wapi?"
Nikasema nimeuacha nyumbani,
kama mtoto aliyesahau daftari.

Kupembua najua.
Kwetu Makorora ungo ulikuwa wangu
kabla sijang'oka meno ya utoto:
unarusha, unadaka, pumba zinakwenda na upepo,
chenga zinakaa pembeni, mawe unayaokota kwa ukucha.
Lakini kiwanda cha juisi unakirushaje?
Unakidaka kwa mkono upi?

Nikatafuta mfano.
Maktabani nilipewa jalada moja la reli,
kurasa mia tatu, vumbi la tangu baba hajaoa;
nikajua uzito wa taruma, chungwa sikuliona.
Nikaenda Ngamiani, kwa Mbaruku wa fotokopi,
anayeuza bahasha, mihuri, na ndoto zilizochapwa tayari.
"Elfu kumi na tano," akasema. "Jina lako tu ndilo halimo."
Usiku ule nilibadilisha: palipo kuku, machungwa;
palipo banda, kiwanda; palipo Morogoro, Tanga.
Nikaupeleka umefungwa utepe.
Ofisa akasoma, akafika ukurasa wa kumi na nne,
akaguna, kisha akanisomea, benki nzima ikisikia:
"Machungwa yatachanjwa kideri
kila baada ya miezi mitatu."

Nilicheka njia nzima, baiskeli ikiyumba.
Kufika Mabanda ya Papa kicheko kikageuka,
nikashuka, nikafuta uso kwa ncha ya mtandio.

Mfano ulikuwa kwa jirani.
Chiku Singano, aliyekuwa na tanuri la mikate
barabara ya kumi na nne, likafungwa
(hatulitaji mbele yake, hata harusini).
Nilibisha hodi sina la kupoteza.
Akanitazama kitambo. Akaingia ndani.
Akatoka na daftari jekundu, lina alama za vidole vya siagi.
"Hesabu za katikati ziache," akasema. "Soma pambizoni."

Pambizoni, kwa kalamu ya risasi:
Umeme, siku arobaini na moja. Sikuzihesabu.
Shemeji, mikate sitini kwa mkopo. Sikumhesabu.
Ramadhani, asubuhi hanunui mtu. Nilijua, sikuandika.
Na chini kabisa, herufi zimebanana:
Unga niliupima. Mimi sikujipima.

Basi nikaenda Muheza na kalamu.
Siku tatu gulioni nikihesabu malori,
nikimuuliza Mhina bei ya gunia mwezi Juni,
na bei ya gunia Machi. Akacheka:
"Machi? Machi gunia la nini, dada?"
Nikakiandika kicheko chake. Nayo ni takwimu.
Chupa zinatoka Dar; nauli nikaandika.
Maji yanakatika kila Jumatano; nikaandika.
Ndugu zangu tisa wapenda juisi ya bure,
hao niliwaandika kwa majina.

Nikarusha, nikadaka.
Pumba ziliruka nyingi, zingine zilikuwa nzuri,
zilikuwa na nembo, zilikuwa na lori lenye jina langu.
Nikaziacha ziruke.
Kilichobaki hakikujaza kiganja:
mashine moja ya mkono, shule mbili, miezi minne,
na mstari wa mwisho, niliouandika taratibu:
Kiwanda hakiwezekani. Kwa sasa.

Nyumba ya mama haikuwekwa rehani.
Nililala kama mtu aliyelipwa.

Juzi kaja kijana wa Sahare, anataka kufuga kaa,
anauliza wapi atapata mfano.
Nikampa wangu, pamoja na madoa yake ya chungwa.
Akafunua mwisho kwanza, kama wote.
"Mbona huu umesema hapana?" Akataka kunirudishia.
"Ndiyo," nikamwambia. "Anzia pambizoni."